Saa nane usiku

Mwezi uliopita nilipitia maneno 94,000 na sikuandika hata ukurasa mmoja wa kwangu. Niliiona hiyo namba jana usiku nikiandaa ankara, nikabaki naitazama kama mtu aliyepewa risiti ya mtu mwingine. Nimekuwa mtafsiri tangu mwaka 2006. Zamani, siku ikienda vizuri, nilitoa maneno 2,000, mara chache 2,500, na jioni vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Siku hizi vidole havina kazi. Kinachochoka ni macho, na kitu kingine nyuma ya macho ambacho sijakipatia jina.

Mlioniandikia kuuliza kama nimeacha kazi, sijaacha. Mliouliza kwa mzunguko kama "ile mashine imeshakufikia", imenifikia zamani. Nimechelewa kuandika kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta nimeangukia kwenye mojawapo ya nyimbo mbili zinazoimbwa kila mahali: ule wa "tumekwisha" na ule wa "jifunze haraka upone". Mimi nimejifunza, na sijakwisha, na bado kuna kitu hakijakaa sawa. Nitajaribu kukieleza taratibu.

Jina la hiyo mashine kwanza, yaani kompyuta inayoandika na kutafsiri kama mtu, maana kwa mtafsiri huwezi kuliruka. Nina wateja watatu wanaonipa kazi mara kwa mara. Mmoja anataka niandike "akili bandia", wa pili "akili mnemba", wa tatu "akili unde", na kila mmoja ana faharasa ya istilahi inayosema hivyo kwa herufi nzito. Moyoni mimi niko na akili unde. Bandia inaniletea picha ya noti bandia na meno bandia, na meno bandia angalau yanatafuna. Mnemba sina ugomvi nalo, ila kila nikilitamka mbele ya mtu asiye wa fani inabidi nilifafanue, na neno linalohitaji mkalimani limeanza safari vibaya. Unde ni kitu kilichoundwa, basi. Nitatumia hilo, na mteja wa kwanza na wa pili wakipita hapa wanisamehe.

Watu wa kazi nyingine huniuliza mambo yatakuwaje kwao, na siku hizi naona hawakosei kuniuliza. Watafsiri tulikuwa mbele kabisa kwenye foleni. Mwaka 2017 watafiti wa Google walitoa muundo mpya wa kuifundisha kompyuta lugha, wakauita transfoma, jina lile lile la chombo cha umeme. Walipotaka kuonyesha kwamba unafanya kazi waliupima kwa kutafsiri: Kiingereza kwenda Kijerumani, Kiingereza kwenda Kifaransa. ChatGPT, iliyotoka Novemba 30, 2022, imejengwa juu ya muundo huo. Yaani kitu kinachowakosesha usingizi wahasibu, wanasheria na waandishi wa programu kilifanyiwa mazoezi kwanza mgongoni kwetu.

Tulikuwa tumeonywa, tukacheka. Tulikuwa na sababu ya kucheka, na mimi nilikuwa naisimulia hadithi hiyo kila palipotajwa mashine. Januari 7, 1954, mjini New York, IBM na Chuo Kikuu cha Georgetown walionyesha hadharani kompyuta ikitafsiri sentensi zaidi ya 60 za Kirusi kwenda Kiingereza. Ilikuwa na maneno 250 na kanuni sita za sarufi. Ikasemwa kwamba ndani ya miaka mitatu hadi mitano suala la kutafsiri litakuwa limekwisha. Ikapita mitano, ikapita kumi, na mwaka 1966 kamati iliyoitwa ALPAC ikaiambia serikali ya Marekani kwamba mashine ni ya polepole kuliko mtu, inakosea kuliko mtu, na gharama yake ni mara mbili ya mtu. Fedha za utafiti zikakauka. Hapo ndipo nilipokuwa naikatia hadithi, nikinyanyua mabega, kana kwamba mwaka 1966 ndio mwisho wa dunia.

Google Translate ilitoka mwaka ule ule nilioanza kazi. Kiswahili kilipoingizwa humo, mwaka 2009, mimi na wenzangu wawili tukaanzisha mchezo: kila Ijumaa tunatumiana tafsiri mbovu kuliko zote tulizokutana nazo wiki hiyo. Ngeli zilikuwa zinapigana mieleka, kitabu "imeanguka", watu "zimefika". Nilishinda mara moja kwa mwongozo wa pampu ya maji uliosema "nanyi mtaufunga mfuniko wake". Maandishi mengi yaliyopatikana katika lugha mbili bega kwa bega yalikuwa ya dini, mashine ikajifunza kwa ilichokikuta, na pampu ikapata sauti ya nabii. Tulicheka hadi machozi.

Ule mchezo ulikufa wenyewe. Sikumbuki lini. Kuna Ijumaa moja hakuna aliyetuma kitu, na hakuna aliyeuliza.

Barua ilikuja Jumanne. Wakala niliyemfanyia kazi miaka tisa aliniarifu kwamba kuanzia mwezi unaofuata kazi zote zitanifikia zikiwa zimeshatafsiriwa na akili unde, mimi nitakuwa "mhariri wa tafsiri ya mashine", na malipo kwa kila neno yatakuwa nusu ya yale ya awali. Barua ilikuwa na heshima zote. Ilisema hii ni fursa. Nimetafsiri barua za aina hiyo nyingi mno maishani, kiasi kwamba nilijua aya ya tatu itasema nini kabla sijaifikia.

Nikakataa. Nilikaa miezi minne naishi kwa akiba na kumwambia kila aliyekuwa tayari kunisikiliza kwamba ubora utawarudisha. Haukuwarudisha. Kilichonirudisha mimi ni kodi ya nyumba.

Faili la kwanza nililifungua nikiwa nimejiandaa kwa vita. Kurasa tatu za mwanzo sikupata pa kupiga. Ngeli zilikuwa zimetulia, viunganishi vipo mahali pake, kulikuwa hata na "la hasha" moja iliyokaa vizuri kuliko ambavyo ningeikalisha mimi. Nilisimama nikazunguka chumba. Kama umewahi kukuta mtu usiyempenda amefanya kazi yako na ameifanya vizuri, unaijua hali niliyokuwa nayo, na haina uhusiano wowote na hoja.

Nikaanza kwenda haraka. Maneno 4,000 kwa siku, 5,000, siku moja nikafika 7,000. Nikaanza hata kujisifu.

Kisha kikaja kipeperushi cha dawa. Kurasa nane, dawa ya kumezwa mara mbili kwa siku, na matini chanzi, yaani yale maandishi ya awali ninayotafsiri, kwa Kiingereza, ilitaja saa ya asubuhi na saa ya usiku. Ukurasa wa pili mashine iliandika "saa mbili asubuhi na saa mbili usiku". Sahihi kabisa. Ukurasa wa nne tena, sahihi. Mimi hapo nikawa nimeshaiamini. Nilikumbuka jinsi zamani ilivyokuwa haijui kwamba saa zetu zinahesabiwa kuanzia mapambazuko, nikajisemea loo, imejifunza. Ukurasa wa saba kulikuwa na jedwali dogo, lile ambalo mgonjwa hulikata na kulibandika ukutani. Kwenye jedwali paliandikwa "saa nane usiku".

Nililipita. Nimelitazama faili lile mara nyingi tangu siku hiyo na programu inaonyesha wazi: nilifika kwenye kile kipande, nikakaa sekunde nne, nikakithibitisha.

Ingekuwa imekosea ile ya asubuhi ningeiona. Hakuna saa nane asubuhi. Sikio lingekataa hata kama jicho limelala. Lakini saa nane usiku ipo. Ni Kiswahili safi, kila mtu anaijua, ni ile saa ambayo mbwa wa jirani anabweka na hakuna gari linalopita. Hiyo sentensi haikuwa na kosa lolote ndani yake. Kosa lilikuwa kati yake na karatasi nyingine ambayo sikuifungua.

Aliyeliona ni muuguzi aliyepewa kipeperushi kukisoma mara ya mwisho kabla hakijachapwa. Ujumbe wake nililetewa bila kupunguzwa makali: "Huyu mgonjwa mnataka aamke saa nane usiku ameze kidonge kimoja alale tena?" Hakuna aliyedhurika, hakuna kilichochapwa. Nikaomba radhi kwa maandishi, nikakubali kwamba kosa ni langu, kwa sababu jina lililo chini ya kazi ni langu na si la mashine. Halafu sikulala vizuri kwa siku kadhaa. Saa nane usiku nilikuwa macho, kama jedwali lilivyoagiza.

Pale ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nafanya kazi mpya kwa mbinu za zamani. Mtafsiri mbaya, binadamu, anakuonyesha mwenyewe mahali alipochoka. Sentensi zake zinaanza kuyumba, anaruka kivumishi, anarudia neno. Unaposahihisha kazi ya mtu unafuata mayumbo hayo, yanakupeleka kwenye kosa. Mashine haiyumbi. Inakosea kwa sauti ile ile inayopatia. Nilikuwa nimejifunza kwa miaka kumi na tisa kutafuta Kiswahili kibovu, na sasa Kiswahili kibovu hakipo, kosa limehamia ndani ya Kiswahili kizuri.

Kwa hiyo sasa nasoma kwa mpangilio ambao ningeuonea aibu zamani, maana unafanana na ukaguzi wa stoo. Kabla sijasoma kitu chochote kwa raha, napita mara moja nikitazama namba na saa tu. Napita tena nikitafuta ukanushaji, hizo silabi ndogo ndogo, "ha" na "si", kwa sababu "usiache" na "uache" vinatofautiana kwa silabi moja na kwa maisha ya mtu. Napita tena majina na majedwali. Nikienda upande wa pili, kutoka Kiswahili, nawafuata watu. Sentensi kama "Mkurugenzi alimwita katibu wake akamkabidhi faili" haisemi nani mwanamume nani mwanamke, lugha yetu haijali, ila Kiingereza kinadai kujua. Mashine haikuulizi. Inaamua yenyewe, na mara nyingi mkurugenzi anapewa uanaume na katibu anapewa uanamke. Katika ripoti niliyokuwa nayo mkurugenzi alikuwa mama wa watu, jina lake lipo ukurasa wa kwanza.

Baada ya yote hayo ndipo nasoma kwa sauti, mlango umefungwa.

Sasa njoo kwenye malipo, ambako ndiko kidonda kilipo. Programu ya wakala inahesabu nilichogusa. Kipande nilichokibadilisha kinalipwa bei ya uhariri. Kipande nilichokiacha kilivyo kinalipwa robo ya hapo, kwa hoja kwamba sikufanya kitu. Kusoma sentensi mara tatu, kufungua matini chanzi, kurudi ukurasa wa pili kulinganisha, kutafuta istilahi, kisha kuamua kwamba iko sawa, hiyo haiachi alama yoyote kwenye faili. Kwa programu, mimi na mtu aliyelala juu ya kibodi tuko sawa. Matokeo yake unaweza kuyakisia. Nawajua watafsiri wanaobadilisha "lakini" kuwa "ila" na "ila" kuwa "lakini" ili kipande kihesabiwe kimeguswa. Nimefanya hivyo mwenyewe. Mara mbili. Sawa, zaidi ya mara mbili.

Watu huniambia: si uiulize mashine yenyewe ikague kazi yake? Nimefanya, na wakati mwingine inasaidia kweli. Lakini kuna kesi moja siisahau. Juni 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani hoja zilizotaja kesi ambazo hazijawahi kuwepo duniani. ChatGPT ilizitunga, na majina ya wahusika na nukuu za hukumu. Watu walicheka kwamba mawakili walikuwa wavivu. Mimi kilichonishika ni kwamba mmoja wao alikuwa ameiuliza mashine kama kesi mojawapo ni ya kweli, nayo ikamjibu ndiyo. Alitia shaka, akapeleka shaka yake mahali pasipo sahihi.

Nami niliiomba methali kuhusu maandalizi, ikanipa mbili ninazozijua na moja iliyosema "Mwenye jembe haogopi msimu". Nzuri, sivyo? Ina mizani, ina jembe, ina kila kitu. Nimewauliza wazee, nimepekua kila kitabu cha methali nilicho nacho. Hakuna aliyewahi kuisikia. Nusura niitumie.

Nisiwe mchoyo wa shukrani. Kuna mambo mashine hii imenitua mzigo. Kulinganisha istilahi ndani ya ripoti ya kurasa 300, kazi iliyokuwa inanila wiki, sasa ni dakika. Na siku moja, kwa kiburi, niliipa tafsiri yangu ya mwaka 2014 niliyokuwa najivunia, nikaiomba ilinganishe na matini chanzi. Ilijibu kwa adabu kwamba sehemu ya tatu ina aya moja ambayo haimo kwenye tafsiri. Nikaenda kuangalia nikiwa na uhakika kwamba imetunga, kama ilivyotunga methali. Haikutunga. Niliruka aya nzima mwaka 2014 na hakuna binadamu aliyeona kwa zaidi ya miaka kumi.

Sasa nije kwa mdogo wangu. Si wa damu, ni binti aliyemaliza chuo, anakuja kwangu mara tatu kwa wiki kujifunza kazi. Wiki ya kwanza nilimpa faili tulipitie pamoja. Akasoma kurasa mbili, akaniangalia, akasema: "Dada, mimi sioni kosa. Nitajuaje kuna kosa wakati yote yanasomeka vizuri?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Mimi nilijuaje? Nilijua kwa sababu nilitafsiri vibaya kwa miaka mitatu mfululizo na nikalipwa, kidogo, kwa kutafsiri vibaya. Barua za kibiashara, maelezo ya nyuma ya pakiti ya sabuni, masharti ya bahati nasibu. Mzee aliyenifundisha, mhariri ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akinirudishia karatasi imejaa wino mwekundu, na pembeni ya sentensi zangu za kujishaua aliandika maneno matatu tu: "Nani anasema hivi?" Sikio nililiokotea humo, katika takataka zangu mwenyewe. Na takataka hizo ndizo kazi za kwanza kumezwa na mashine. Hakuna mtu leo atakayemlipa binti huyu kutafsiri pakiti ya sabuni vibaya. Wanamtaka aanzie nilipo mimi, kwenye kutilia shaka, bila kupitia nilikopita.

Hicho ndicho nilichosema hakijakaa sawa. Mimi nitajikokota nitafika kustaafu. Najiuliza nani atakaa kwenye kiti cha yule muuguzi.

Nilichoamua ni cha kizamani. Kila anapokuja, kabla ya kompyuta kuwashwa, anatafsiri ukurasa mmoja kwa penseli. Hakuna mashine, hakuna simu, kamusi ipo mezani. Hakufurahi. "Dada, hii ni kama kunifundisha taipureta ili nijue kutumia simu," akasema, na sikuwa na jibu zuri, kwa hiyo nilimpa jibu la wakubwa: fanya.

Yeye naye amenifundisha. Siku moja nilimkuta anaiandikia mashine maelezo marefu kabla ya kuipa matini: msomaji ni nani, ana umri gani, faharasa ya mteja ndiyo hii, saa zote zihesabiwe Kiswahili, na panapokuwa na utata usiamue, niulize. Nikamwuliza amejifunzia wapi. Akashangaa swali. "Si unamwambia tu, kama unavyomwambia mtu mgeni kazini?" Mimi sikuwa nimewahi kuiambia kitu. Nilikuwa naimwagia matini na kukaa pembeni nikisubiri ikosee, ili nipate la kusema. Makosa ya saa yamepungua sana tangu siku hiyo. Hayajaisha.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa na kanuni za chama fulani cha ushirika. Mashine ilikuwa imeandika hivi: "Mwanachama anaweza kuazima kifaa kwa mwanachama mwingine, na atawajibika endapo kitaharibika." Mimi nilikuwa nimeshalipita. Yeye akaweka kidole kwenye skrini, jambo ambalo nimemkataza mara kumi.

"Dada, hapa nani anawajibika?"

"Aliyeazima."

"Yupi? Aliyetoa au aliyechukua?"

Nikasoma tena. Kuazima kwetu ni kutoa na ni kupokea, vyote viwili, na "kwa" nayo inakubali kwenda na kutoka. Matini chanzi haikuwa na utata hata kidogo: anayewajibika ni yule aliyetoa kifaa cha chama kumpa mwenzake. Kiswahili kilichokuwa mbele yetu, safi, bila kasoro, wengi wangekisoma kinyume chake, na siku kifaa kikivunjika watu wangefikishana mbele ya mwanasheria wakiwa wameshika karatasi moja.

Nikamwuliza ameonaje. Akatoa daftari lake la penseli. Jumatatu ya wiki ile, katika ukurasa wake wa asubuhi, alikutana na neno hilo hilo. Aliandika "kuazima", akafuta, akaandika "kuazimisha", akafuta, karatasi imechubuka hadi inakaribia kutoboka, na mwishoni akaandika "anaweza kumpa mwenzake kifaa kwa muda". Dakika ishirini kwa maneno sita. Tukaliweka hilo hilo kwenye kanuni, neno kwa neno. Programu ikahesabu kipande kimoja kimeguswa.

Ndiyo maana jana, nikiandaa ankara, sikujaza idadi ya maneno. Nilifuta ile safu, nikaandika saa: 118. Nikaambatanisha maelezo mafupi kwamba muda huo unahusisha kusoma, kulinganisha na kuamua kuacha, na kwamba kuanzia sasa nitakuwa natoza hivyo. Nilibonyeza kutuma haraka kabla sijajirudi. Sijui kama watakubali. Wakikataa nina hesabu ya miezi mitatu kichwani, labda minne kama zamani.

Jibu limekuja mchana huu. Limeandikwa kwa Kiswahili, jambo ambalo hawajawahi kunifanyia, na ni Kiswahili kizuri, laini, ngeli zote zimetulia. Wanashukuru kwa ushirikiano wangu wa muda mrefu. Wanaomba nifafanue shughuli zilizofanyika ndani ya saa hizo 118, ikizingatiwa kwamba mabadiliko kwenye mafaili ni machache. Na wangependa ufafanuzi huo uwafikie kesho, kabla ya saa nane usiku.

Nimewajibu kwa swali moja.